Woga wa kuendesha haiwei: mwalimu, ndugu, barabara za ndani au kujitosa tu? Tulinganishe

Naanza kwa kukiri ili tusidanganyane. Nilikaa na leseni miaka mitatu mizima kabla sijathubutu kuingia barabara yenye leni nne upande mmoja. Mtaani naendesha vizuri tu, kinyumenyume napaki, mlimani na klachi siogopi, ila nikiona kile kibao kikubwa cha kuonyesha haiwei iko mbele basi tumbo linacheza, viganja vinalowa, nageuza naenda kuzunguka kwingine. Na siku ya kwanza nilipojikaza nikasema leo liwalo na liwe, nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka: nilisimama. Yani ile njia ya kuingilia ilipofika mwisho, pale inapojibana kuungana na leni ya kwanza, nikakanyaga breki nikasimama kabisa nikisubiri magari yaishe, kama vile niko njia panda ya mtaani. Nyuma yangu lori. Honi niliyopigiwa siku ile, we acha tu.

Tangu hapo nimepitia karibu kila dawa ya woga huu, zingine nimezilipia hela, zingine nimepewa bure na kila mwenye mdomo (na kila mwenye leseni ana ushauri, hilo ntakuhakikishia). Nimeziweka hapa mbili mbili, hii na ile, uone ipi inakufaa. Kipimo changu nakwambia mapema maana ndicho nimekitumia kote: ukishamaliza njia hiyo, utaweza kupanda haiwei peke yako, siku ya kawaida ya kazi, bila mtu wa kukushika mkono? Kama hapana, basi umepoozwa, hujapona.

Kwanza unaogopa nini hasa?

Ukisema tu "naogopa haiwei" hujasema kitu, na hutaweza kuchagua. Mi nilikaa siku moja na karatasi nikaandika. Kuna anayeogopa kuingia tu, akishaingia ametulia. Kuna anayeogopa malori. Kuna anayeogopa kuhama leni, huyo ataingia vizuri alafu atang'ang'ania leni moja mpaka anapitiliza anakokwenda. Kuna anayeogopa spidi yenyewe. Na kuna yule, na nadhani ni wengi kuliko wanaosema, ambaye wala haogopi ajali, anaogopa kwamba akizidiwa hawezi kusimama wala kugeuza, lazima aende mpaka pa kutokea, anajiona kafungiwa. Mimi nilikuwa wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, malori yalikuwa ya tatu.

Kwa nini ujue? Kwa sababu anayeogopa kuingia anahitaji ufundi, mtu amfundishe mguu na macho vifanye nini. Anayeogopa kufungiwa anahitaji mazoea, ufundi anao tayari, kumpa masomo kumi ya udereva ni kumpotezea hela. Watu wengi wanachagua kinyume, mimi mmoja wao.

Barabara za ndani au haiwei yenyewe

Hapa ndipo wote tunaanzia, ramani ya simu unaiambia ikwepe haiwei na maisha yanaendelea. Tuwe wakweli, kukwepa kuna raha yake. Lakini piga hesabu. Safari ya kilomita 30 kwa haiwei ukienda wastani wa 100 kwa saa ni dakika 18. Umbali huohuo kwa barabara za ndani, na mataa na matuta na watu wanavuka, wastani ukiwa 40 ni dakika 45. Tofauti dakika 27, kwenda na kurudi 54, siku tano za kazi ni saa nne na nusu kwa wiki. Karibu nusu siku ya kazi kila wiki unailipa kodi ya woga.

Na usalama? Hapa nilishangaa. Tunadhani barabara ya ndani ni salama zaidi kwa sababu tunakwenda taratibu, kumbe kwa kila kilomita unayoendesha haiwei ndiyo salama zaidi. Uingereza kwa mfano haiwei zinabeba karibu moja ya tano ya mwendo wote wa magari nchini humo, ila vifo vinavyotokea huko ni kama asilimia 6 tu ya vifo vyote vya barabarani. Ukifikiria inaeleweka: hakuna gari linakuja usoni kwako, hakuna njia panda, hakuna mtoto anakimbilia mpira, wote mnaelekea upande mmoja na spidi zenu zinakaribiana. Sisemi ajali ya haiwei ni ndogo, ikitokea kwa spidi ile ni kubwa kweli. Ila inatokea mara chache.

Tatizo la kukwepa lenyewe liko kwingine. Kila ukigeuza mbele ya kile kibao unapata ahueni, mwili unashuka, unapumua, na ubongo unaandika: tumepona kwa sababu tulikimbia. Kesho unakimbia mapema zaidi. Mi nilianza kwa kukwepa haiwei, baadaye nikawa nakwepa hata barabara inayopita jirani na haiwei, eti nisije nikachanganya njia nikajikuta nimeingia. Kumbuka nilikuwa naendesha miaka yote hiyo, sikuwa nimekaa bure.

Kukwepa kunafaa lini? Umechoka, hujalala, mvua inapiga mpaka waipa hazifui dafu, matairi yana mashaka, umemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi. Hapo zunguka bila aibu. Huo ni uamuzi wa dereva na wala sio woga, na ukitaka kuvitofautisha jiulize kama dereva asiyeogopa naye angezunguka.

Mwalimu wa kulipwa au ndugu yako

Wa kwanza kunipeleka alikuwa kaka yangu. Nampenda, lakini kwenye gari ni balaa. "Ingia! Ingia sasa! We unangoja nini? Haya umeshachelewa, basi subiri, SUBIRI!" Mkono mmoja kashika kile kishikio cha juu ya mlango, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Mtu akikaa pembeni yako anaogopa, wewe utatulia vipi? Na tuliporudi nyumbani alisimulia familia nzima mezani, wakacheka, na mimi nikacheka, ila sikugusa usukani wiki tatu.

Mwalimu niliyemlipa baadaye alikuwa mtu mzima, mpole, wala haongei sana. Tulipokaribia njia ya kuingilia akaona nimeung'ang'ania usukani mpaka kucha zimeniachia alama kwenye kiganja, hakusema tulia (ukimwambia mtu mwenye woga atulie unamwongezea), akasema, "Dada, nisomee namba ya lile lori la mbele." Nikamsomea. "Na gari la nyuma yake ni rangi gani?" Nikamwambia. "Baina yao linaingia gari letu?" Nikaangalia, nikasema linaingia hata mara tatu. "Basi hapo ndipo petu, kanyaga mafuta." Nikakanyaga. Nilikuwa nimeshaingia kabla sijakumbuka kuogopa.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba nilikuwa naangalia magari, na ilitakiwa niangalie nafasi. Ukiangalia magari utaona ukuta unaopita, ukiangalia nafasi baina yake utaona milango inapita mmoja mmoja, unachagua wako.

Sasa kulinganisha. Mwalimu ana breki yake upande wake, kwa hiyo hata ukikosea kuna wa pili, ndugu hana. Mwalimu ameshaona waoga mia, ndugu ameona wewe. Ndugu ni bure na anapatikana hata jioni, mwalimu unamlipa kwa saa na mara nyingi anataka akufundishe kila kitu kuanzia mwanzo, inabidi umwambie mapema kabisa kwenye simu: leseni ninayo, nataka haiwei tu, kuingia, kuhama leni na kutoka, basi. Akisema lazima uanze na kozi nzima tafuta mwingine.

Kuna nchi hili wala sio la kuchagua. Ujerumani mwanafunzi wa gari dogo lazima aendeshe vipindi vinne vya dakika 45 kwenye Autobahn, yani haiwei zao, kabla hajaruhusiwa kufanya mtihani, pamoja na vitano vya barabara za nje ya mji na vitatu vya gizani. Uingereza walikuwa hawaruhusu kabisa mwanafunzi kugusa haiwei, unapata leseni leo alafu kesho uko huko peke yako kwa mara ya kwanza, mpaka tarehe 4 Juni 2018 ndipo wakaruhusu, na lazima awe na mwalimu aliyesajiliwa na gari lenye breki za pande mbili. Kwa hiyo kama leseni yako ulipata bila kuonyeshwa haiwei hata siku moja usijione mjinga, hukufundishwa, na kuogopa usichofundishwa ni akili timamu.

Mimi naona hivi: mwalimu kwa saa mbili tatu za mwanzo, ndugu kwa kurudia rudia baadaye, tena sio ndugu yeyote, yule anayeweza kukaa kimya. Nilimpata dada yangu mdogo, hana hata leseni, anakaa anasikiliza redio. Ndo alinisaidia kuliko kaka.

Kidogo kidogo au kujitosa

Wapo watakaokwambia jitose, nenda kilomita 200 siku moja, ukifika umepona. Namjua mmoja amepona hivyo kweli, alipata msiba wa ghafla akalazimika kuendesha usiku kucha, na tangu siku hiyo haiwei kwake sio kitu. Lakini namjua mwingine alijitosa, akazidiwa katikati, akasimama kwenye bega la barabara malori yakimpita mita mbili kutoka mlangoni, akamwita mtu aje amtoe, na hajarudi tena mpaka leo. Kujitosa ni kamari, ukipata umepata haraka, ukikosa umerudi nyuma kuliko ulipoanzia.

Kidogo kidogo inachosha na inachelewa, lakini ndiyo yenye historia. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika kuhusu mtoto aliyemwita Peter ambaye alikuwa anaogopa sungura. Hakumrushia sungura mapajani. Mtoto anapewa chakula anachokipenda, sungura yuko mbali kwenye kizimba chake, siku nyingine anasogezwa kidogo, nyingine kidogo tena, mpaka mwishowe mtoto akawa anamshika mwenyewe. Wataalamu wa woga mpaka leo wanafanya jambo hilohilo, ngazi kwa ngazi, wameboresha tu.

Ngazi yangu ilikuwa hivi, na unaweza kuipanga yako: kwanza kuketi abiria na kuchagua nafasi kwa macho tu, dereva mwingine anaendesha. Alafu kuingia, kwenda mpaka pa kutokea panapofuata, kutoka. Hiyo tu, kama kilomita nne. Kutoka, kuzunguka, kuingia tena, mara tano asubuhi moja. Mara ya kwanza moyo ulikuwa unagonga mpaka nausikia masikioni, mara ya tatu nilianza kuboreka, na nakwambia kuboreka ndiko tunakokutafuta, siku ukiona haiwei inakuchosha umeshinda. Ndipo nikaongeza pa kutokea pa pili, pa tatu. Kuhama leni nilianza ngazi ya tano huko.

Kwa anayeogopa kufungiwa njia hii ni dawa hasa, maana unajifunza kwa mwili kwamba pa kutokea hapako mbali. Kwa spidi ya 100 kilomita nne ni dakika mbili na sekunde 24. Woga mkali unapanda, unafika kilele, unashuka, na dakika mbili na nusu mtu yeyote anaweza kuvumilia. Ukikuta unaweza, usitoke ukiwa juu kabisa ya kilele, nenda mpaka uone mwili umeanza kushuka ndipo utoke. Ila kama kizunguzungu ni cha kweli, macho yanapoteza picha, toka sehemu ya kwanza unayoiona, hapo hamna ushujaa.

Kuingia polepole au kwa spidi

Hii naikalia maana ndipo woga unapotudanganya vibaya zaidi. Mwili unakwambia punguza, polepole ndiyo salama. Hesabu inasema kinyume. Tuseme haiwei inakwenda 100 na wewe unaingia na 60. Tofauti ni 40 kwa saa, yani mita 11 kila sekunde. Gari lililo mita 55 nyuma yako litakufikia kwa sekunde tano. Sasa ingia na 95: tofauti ni 5 tu, mita moja na nusu hivi kwa sekunde, gari lilelile litachukua sekunde 40 kukufikia. Arobaini! Unapata muda wa kuzima indiketa, kukaa sawa, hata kukuna pua. Ile njia ya kuingilia imewekwa ndefu makusudi, ni ya kukimbilia, wala sio ya kusubiria. Kwa hiyo kati ya hizo mbili sina cha kusawazisha, ingia na spidi ya walioko ndani.

Kioo cha pembeni angalia mapema, ukiwa bado unakimbia, alafu geuza kichwa haraka kutazama ile sehemu kioo hakionyeshi. Na ukumbuke vioo vingi vya pembeni vimepinda, vinaonyesha gari liko mbali kuliko lilivyo.

Nyuma ya lori au leni ya kati

Waoga tunajificha leni ya taratibu, na wanaojua wanatucheka, lakini sio vibaya. Nchi za Umoja wa Ulaya malori makubwa yamefungwa kidhibiti yasizidi 90, kwa hiyo ukikaa nyuma ya lori, mbali vya kutosha, umepata mtu wa kukuwekea spidi moja, huna haja ya kuovateki, huna anayekusukuma kwa nyuma. Ubaya wake huoni mbele, mvua ikinyesha lori linakumwagia maji kioo kizima, na kila pa kuingilia kuna magari yanajichomeka mbele yako. Leni ya kati (mahali inaporuhusiwa kukaa humo, nchi nyingi sheria inataka urudi leni ya taratibu ukishaovateki) unaepuka wanaoingia, lakini unapitwa pande zote na unapata malori ubavuni.

Kwa anayeanza nasema kaa nyuma ya lori, acha nafasi. Nafasi kiasi gani? Chagua nguzo au daraja, lori likipita hapo hesabu sekunde mbili kamili, ukifika kabla hujamaliza uko karibu mno. Kwa 100 sekunde mbili ni mita 56, na njia ikiwa imeloa ziwe nne. Watajichomeka humo ndani, ndio, kila dakika mbili kuna mtu anachomekea. Mwache. Ongeza nafasi tena. Kila anayejichomeka amekuchelewesha sekunde mbili, ungeweza kumruhusu mmoja kila kilomita mpaka ufike na usingechelewa hata kuosha mikono.

Na ukilipita lori utahisi gari linasukumwa kando kidogo, alafu ukifika mbele ya kichwa chake upepo unabadilika. Ni hewa tu ile linayoisukuma, shika usukani kawaida, usiukamue, na usikae ubavuni mwake ukifikiria. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Saa gani uanze

Haraka haraka: asubuhi ya siku ya mapumziko ndiyo nzuri kuliko zote. Usiku hapana, hata kama magari ni machache, taa zinachanganya umbali. Foleni kubwa, ajabu, sio mbaya kama inavyodhaniwa, ukitembea 20 kwa saa hata kuingia ni kupungiana mikono tu, nilijifunza kuhama leni kwenye foleni nikiwa nimetulia kabisa. Saa mbaya ni ile ya katikati, magari mengi lakini bado yanakimbia, hiyo iache mpaka ngazi ya mwisho.

Vidonge, pumzi, au mtaalamu

Rafiki alinipa kidonge chake, akasema nusu tu kinatosha. Bahati nzuri nilisoma karatasi kabla. Ilikuwa diazepam, na hiyo inapunguza woga kwa kukupunguza wewe mzima, usingizi, mguu unachelewa kufika kwenye breki. Uingereza tangu Machi 2015 imo kwenye orodha ya dawa zenye kiwango cha mwisho kwenye damu ya dereva. Hiyo na pombe weka kapu moja. Propranolol ni nyingine, inatuliza moyo na mitetemo bila kulevya kama ile, madaktari wanaiandika kwa woga wa namna hii, lakini mwenye pumu haimfai, na inaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, na mara ya kwanza kuimeza isiwe siku ya kuendesha. Hata ikikufaa, kwa kipimo changu bado ina dosari, ukizoea kupanda haiwei na kidonge ubongo unampa kidonge sifa zote.

Pumzi ni bure na nilikuwa naidharau. Ukiogopa unapumua haraka haraka, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu, ndipo vidole vinapata ganzi, midomo inawasha, kichwa chepesi, na wewe unadhani unazimia. Huzimii, umepumua kupita kiasi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita, macho yako wazi na yako mbele. Mi nilikuwa naimba, ukiimba lazima utoe pumzi ndefu, na hakuna wa kukusikia humo ndani.

Mtaalamu wa saikolojia ni wa nani basi? Ni wa yule ambaye woga ulianza baada ya ajali, anayeota usiku, anayesikia ile sauti ya bati kila akiwasha gari. Au ambaye woga umetoka haiwei umehamia madaraja, lifti, foleni ya benki. Hapo mwalimu wa udereva atakuonea huruma tu, hana cha kukusaidia. Kwa sisi wengine ambao hatukufundishwa tu, mtaalamu ni gharama unayoweza kuiweka akiba.

Vifaa vya kwenye gari

Kuna magari yanajiwekea umbali na gari la mbele yenyewe, yana taa kwenye kioo inayowaka kukiwa na gari ubavuni, yanakurudisha leni ukipotea. Nimeendesha moja la kuazima wiki nzima. Ile taa ya kwenye kioo ni nzuri mno, inakupa ujasiri wa kuhama leni, ila nilijikuta nimeacha kugeuza kichwa, na niliporudi kwenye gari langu la zamani nusura nimgonge mwenye pikipiki. Kile cha kushika umbali nakikubali zaidi kwa safari ndefu. Otomatiki au manuali? Haiwei haina tofauti kubwa, ukishafika gia ya mwisho unakaa humohumo.

Peke yako au na abiria

Ya mwisho, na hapa wengi tunakwama bila kujua. Mi nilifika mahali naendesha haiwei vizuri kabisa, ila lazima dada yangu awemo. Siku hayupo nazunguka kwa ndani. Hajui kuendesha, hana msaada wowote, lakini asipokuwemo siendi. Nikarudi mwanzo bila yeye, mpaka pa kutokea panapofuata tu, kilomita nne, mara tano, na ilikwenda haraka kuliko mara ya kwanza, asubuhi mbili tu.

Safari ya kwanza ndefu peke yangu nilipitiliza pa kutokea. Nilikiona kibao, nilikuwa leni ya pili, kulikuwa na lori ubavuni, na nikajiambia hiki sikipati. Nikakiacha kipite. Zamani ningekata leni mbili kwa mkupuo au ningesimama kwenye bega na kuanza kurudi nyuma, wapo wanaofanya hivyo kweli. Nikaendelea mpaka kinachofuata, nikatoka, nikageuka, nikarudi. Dakika 11 zaidi. Nilipofika dada yangu akauliza mbona umechelewa, nikamwambia nilipitiliza, akasema, "Ukafanya nini?" Nikamwambia, niliimba.